Ugonjwa wa Marek: Namna virusi vya saratani vinavyojijenga katika mwili wa kuku

UGONJWA wa Marek, ambao wafugaji wengi huuita Mareksi, ni ugonjwa wa kuambukiza wa kuku unaosababishwa na virusi vya jamii ya herpesi. Hushambulia mishipa ya fahamu, hudhoofisha kinga ya mwili na, kwa kuku wengi wanaougua, huishia kuwa saratani ya chembechembe nyeupe za damu. Hauna tiba. Kuku aliyeambukizwa hubaki na virusi hivyo hadi siku anapokufa au kuchinjwa.

Kinachoufanya ugonjwa huu uwe mgumu kwa mfugaji ni muda. Kifaranga huambukizwa katika siku zake za mwanzo, aghalabu katika wiki ya kwanza ya kuingizwa bandani, lakini dalili hujitokeza baada ya wiki nyingi, mara nyingi kati ya wiki ya 8 na ya 20 ya umri. Kwa mwenye kuku wa mayai, hicho ndicho kipindi ambacho matetea wamekwisha kula chakula cha miezi minne au mitano bila kutaga hata yai moja. Kuku walioonekana wazima huanza kuchechemea na kukonda, kisha hufa mmoja mmoja kwa wiki kadhaa mfululizo. Lawama huelekezwa kwenye mfuko wa chakula uliofunguliwa juzi, au kwa jirani aliyepita bandani, ilhali chanzo kiliingia miezi mitatu au minne nyuma.

Makala haya yanaeleza safari ya virusi hivyo ndani ya mwili wa kuku, kwa kuwa ni vigumu kuelewa chanjo yake, na sababu za chanjo hiyo kushindwa wakati mwingine, pasipo kuijua safari yenyewe.

Kutoka Budapest hadi Houghton

Jina la ugonjwa linatokana na József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria aliyefundisha katika chuo cha tiba ya mifugo cha Budapest. Mwaka 1907 alichapisha maelezo ya majogoo wanne waliopooza miguu na mabawa. Alipowachunguza aliona kuwa mafungu ya mishipa ya fahamu yanayotoka kwenye uti wa mgongo yamenenepa na kujaa seli ambazo kwa kawaida hazipo hapo. Maelezo yake yalihusu kupooza, si saratani. Miaka ya 1920 Alwin Pappenheimer na wenzake nchini Marekani, waliopata nafasi ya kuchunguza kuku wengi zaidi, walibaini kuwa baadhi ya kuku waliopooza walikuwa pia na uvimbe katika ovari na viungo vingine.

Kwa miongo iliyofuata ugonjwa huu uliwekwa kapu moja na lukosisi ya kuku, saratani nyingine inayofanana nao kwa macho. Aliyefungua fundo hilo ni mtafiti wa Uingereza, Peter Biggs, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipendekeza magonjwa hayo yatenganishwe na huu upewe jina la Marek. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Churchill, katika kituo cha utafiti wa kuku cha Houghton nchini Uingereza, walionesha kuwa kisababishi ni virusi vya herpesi. Muda mfupi baadaye watafiti wa East Lansing, Michigan, nchini Marekani, walifikia matokeo kama hayo.

Ugunduzi huo ulikuwa na uzito nje ya mabanda ya kuku. Wakati huo wanasayansi wengi walikuwa wakijiuliza iwapo virusi vya herpesi vinaweza kweli kusababisha saratani, na swali lenyewe lilikuwa limeanzia Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakichunguza London sampuli za uvimbe huo zilizotoka Uganda, waliona ndani ya seli zake virusi vya herpesi ambavyo leo huitwa virusi vya Epstein-Barr. Kuthibitisha kwa binadamu kulikuwa kugumu, kwa kuwa hakuna anayeweza kumwambukiza mtoto ili aone matokeo. Kuku aliwezesha jaribio hilo: aliyeambukizwa alipata saratani, asiyeambukizwa hakupata, na aliyechanjwa aliepushwa.

Vumbi la manyoya

Virusi vya Marek huingia kwa njia ya pumzi. Kuku hupumua vumbi lenye vipande vidogo vya ngozi na manyoya vilivyopukutika kutoka kwa kuku mwingine mwenye maambukizi. Mwaka 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionesha kuwa sehemu pekee ya mwili wa kuku ambamo virusi hivi hukamilika, vikapata gamba lake na kuweza kuishi nje ya seli, ni ngozi inayozunguka mizizi ya manyoya. Kwingineko kote mwilini virusi hubaki ndani ya seli na hupita kutoka seli moja kwenda nyingine kwa kugusana, bila kutoka nje.

Jambo hilo moja linaeleza mengi. Ndiyo sababu ugonjwa haupiti kwenye yai: kifaranga huanguliwa akiwa safi, hata kama mama yake ana maambukizi, kisha hukutana na virusi katika banda au chombo cha usafirishaji. Ndiyo sababu pia kusubiri kuku waonekane wagonjwa ili watengwe hakusaidii, kwa kuwa kuku mwenye afya njema machoni huendelea kumwaga virusi kupitia manyoya yake wiki hadi wiki. Na vumbi lililotuama juu ya boriti, kwenye wavu wa dirisha au ndani ya maranda ya zamani linaweza kuhifadhi virusi vyenye uwezo wa kuambukiza kwa miezi kadhaa katika joto la kawaida la chumba.

Kwa hali hiyo, banda la kuku lisilo na virusi hivi ni nadra popote duniani penye ufugaji mkubwa. Tofauti ya shamba na shamba ni wingi wa virusi vilivyopo, ukali wa aina yake, na siku ambayo kifaranga anakutana navyo kwa mara ya kwanza.

Siku saba za mwanzo

Vumbi likifika kwenye mapafu, seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu hulimeza pamoja na virusi. Badala ya kuviangamiza, seli hizo huvibeba hadi kwenye viungo vya kinga: bandama, tezi ya thaimasi iliyopo shingoni, na mfuko wa Fabricius ulio karibu na njia ya haja. Mfuko huo ni kiungo cha ndege pekee, nao ndio shule ya seli B, zile chembechembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili.

Kuanzia takriban siku ya 3 hadi ya 7 baada ya kuambukizwa, virusi huzaliana kwa kasi ndani ya seli B na kuziua. Wataalamu hukiita kipindi hiki awamu ya kwanza ya uharibifu. Mfuko wa Fabricius na thaimasi husinyaa, na bandama huweza kuvimba. Kwa nje kifaranga huonekana kama kawaida, ingawa aina kali sana za virusi huweza kuua katika hatua hii bila kusubiri saratani.

Mwili hujibu shambulio hilo kwa kuziamsha seli T, askari wa kundi la pili, ambao hukusanyika mahali seli B zinapokufa. Hapa ndipo ugonjwa huu unapopata nafasi yake. Seli T iliyotulia ni ngumu kuambukizwa. Seli T iliyoamshwa kupigana huwa rahisi. Kwa kuzishambulia seli B kwanza, virusi hujiletea vyenyewe seli vinavyozihitaji. Kinga ya kuku, kwa kuitikia wito kama inavyopaswa, hufungua mlango.

Kulala ndani ya kromosomu

Karibu na siku ya 7 au ya 8, kinga huanza kushika hatamu na uzaaji wa virusi hupungua. Havitoweki. Hunyamaza ndani ya seli T, hasa kundi ambalo wataalamu huliita CD4, na kuanza kipindi cha kulala. Katika kipindi hiki seli haitoi protini nyingi za virusi, kwa hiyo walinzi wengine wa mwili hupita kando yake bila kuitambua.

Namna vinavyolala ni ya pekee. Virusi vingi vya herpesi hukaa ndani ya kiini cha seli kama kipande huru cha vinasaba. Virusi vya Marek huenda mbali zaidi: hujipachika katika kromosomu za kuku, na hupenda zile ncha zake ziitwazo telomea, ambazo huilinda kromosomu isichakae. Vinasaba vya virusi vina mfuatano ule ule unaojirudia uliopo kwenye ncha hizo, na mfanano huo ndio unaorahisisha kuunganika. Tangu hapo, kila seli inapogawanyika hurithisha virusi pamoja na vinasaba vyake yenyewe.

Seli T zilizobeba virusi vilivyolala huzunguka na damu mwili mzima. Ndani ya wiki mbili hivi baadhi hufika kwenye mizizi ya manyoya, na huko virusi huamka, huzaliana kikamilifu na kuanza kumwagwa na vumbi. Hesabu hiyo ina maana kubwa bandani: kifaranga aliyeambukizwa siku ya kwanza anaweza kuwaambukiza wenzake kabla hajatimiza wiki tatu, wiki nyingi kabla ya yeyote kuchechemea.

Kwa kuku wasio na ukinzani, kati ya wiki ya pili na ya tatu hutokea awamu ya pili ya uharibifu katika viungo vya kinga, na safari hii upungufu wa kinga huweza kuwa wa kudumu. Huo ndio upande wa ugonjwa wa Marek usioonekana kwa urahisi. Kuku hafi kwa saratani bali kwa koksidiosisi, kwa bakteria wa E. koli, au kwa ugonjwa mwingine ambao kinga timamu ingeumudu, na mfugaji hutibu ugonjwa huo wa pili mara kwa mara bila kuona nafuu.

Seli inapogeuka

Kuanzia wiki ya tatu hivi, katika baadhi ya kuku, seli T zenye virusi huanza kugawanyika bila kukoma. Kiini cha mageuzi hayo ni jeni moja ya virusi iitwayo meq, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo hushika vinasaba vya seli na kuamuru jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze. Matokeo yake seli hukataa kufa na huendelea kuongezeka. Uthibitisho wa nguvu ulipatikana mwaka 2004, watafiti wa Marekani walipotengeneza virusi vilivyoondolewa jeni hiyo. Virusi hivyo viliweza kuambukiza kuku na kuzaliana katika awamu ya mwanzo, lakini havikusababisha uvimbe.

Meq haifanyi kazi peke yake. Virusi hubeba pia nakala ya sehemu ya kimeng'enya cha telomerasi, kinachorefusha ncha za kromosomu, na inaaminika kuwa vilichukua nakala hiyo kutoka kwa kuku wenyewe zamani. Seli ya kawaida huchoka baada ya kugawanyika mara nyingi kwa sababu ncha hizo hufupika. Seli yenye msaada huo hupewa muda zaidi.

Seli zilizogeuka hujikusanya katika ini, bandama, figo, moyo, mapafu, ovari au korodani, tumbo la mbele la kuku lililo kabla ya firigisi, misuli na ngozi. Wengine hupata uvimbe katika kiungo kimoja tu. Seli hizo pia hujaa katika mishipa ya fahamu, pamoja na seli za kawaida za uvimbe wa maambukizi, na ndizo zinazoinenepesha mishipa aliyoiona Marek mwaka 1907.

Si kila kuku aliyeambukizwa hufikia hatua hiyo. Urithi una sehemu kubwa. Kuku wenye kundi la jeni za kinga liitwalo B21 wana ukinzani mkubwa kuliko wenzao, na makampuni yanayozalisha mbegu za kuku yamelitumia jambo hilo katika uteuzi kwa miaka mingi. Kingamwili ambazo kifaranga hurithi kwa mama kupitia kiini cha yai hupunguza makali ya awamu ya kwanza kwa wiki chache. Umri nao huhesabika: kadiri kuku anavyochelewa kukutana na virusi, ndivyo uwezekano wa kuugua unavyopungua.

Anachokiona mfugaji

Dalili inayotajwa katika kila kitabu ni kuku aliyelala chini, mguu mmoja ameunyoosha mbele na mwingine nyuma. Hutokea kwa sababu mshipa mkubwa wa fahamu wa upande mmoja umeharibika zaidi ya wa pili. Bawa huweza kuning'inia. Mshipa unaohudumia gole ukipatwa, gole hulegea na kujaa chakula kisichoshuka, na kuku hukonda huku anaonekana kushiba. Katika sura nyingine ya ugonjwa, mboni ya jicho hupoteza rangi yake na kuwa ya kijivu, tundu lake hupindapinda, na kuku hupofuka. Katika kuku wa nyama, dalili huweza kuonekana tu machinjioni baada ya kunyonyoa, ngozi inapobainika kuwa na vinundu kwenye mizizi ya manyoya.

Wapo pia kuku ambao hukonda, hupauka upanga na kufa bila kupooza. Hao ndio wengi pale aina kali ya virusi inapotawala.

Kutambua kwa macho pekee kuna hatari ya kukosea. Kideri, kinachoitwa pia mdondo, huleta kupooza na kupinda shingo, lakini huua kwa kasi na kuku wengi kwa siku chache, wa umri wowote. Upungufu wa vitamini B2 hukunja vidole vya miguu vya vifaranga na hurekebishika kwa lishe. Kinachotatiza zaidi ni lukosisi, kwa kuwa nayo huleta uvimbe katika ini na bandama. Lukosisi hutokana na virusi vya jamii tofauti kabisa, hupita kwenye yai, kwa kawaida huonekana baada ya wiki ya 16, huanzia kwenye mfuko wa Fabricius, na haiinenepeshi mishipa ya fahamu.

Kwa sababu hiyo mfugaji anayepoteza kuku anashauriwa kupeleka kuku wagonjwa walio hai, au waliokufa muda mfupi uliopita, kwa daktari wa mifugo wa halmashauri au katika maabara ya mifugo, ikiwamo Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Mtaalamu atapasua, atalinganisha mishipa ya fahamu ya upande wa kulia na wa kushoto, na atachukua vipande vya uvimbe kwa uchunguzi wa hadubini. Kipimo kinachoonesha tu kuwa virusi vipo hakitoshi kuthibitisha ugonjwa, kwa kuwa kuku wengi wazima wanavyo. Kinachotafutwa ni wingi wa virusi ndani ya uvimbe na aina ya seli zilizoujenga.

Chanjo ya kwanza dhidi ya saratani

Kabla ya chanjo, makundi ya kuku wa mayai yaliyopoteza asilimia 25 hadi 30 ya kuku kwa ugonjwa huu hayakuwa jambo la kushangaza, na katika matukio machache hasara ilifika asilimia 60. Mwaka 1969 kituo cha Houghton kilitangaza chanjo iliyotokana na virusi vya Marek vilivyodhoofishwa maabara. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walipata njia rahisi zaidi: virusi vya herpesi vya bata mzinga, vinavyofahamika kwa kifupi HVT, ambavyo ni ndugu wa virusi vya Marek lakini havisababishi saratani. Mwaka 1972 Uholanzi ilileta chanjo ya Rispens, ambayo hadi leo huhesabiwa kuwa yenye kinga kubwa kuliko zote. Hizi zilikuwa chanjo za kwanza kufanikiwa kuzuia saratani ya asili katika kiumbe chochote, miaka mingi kabla ya chanjo za binadamu dhidi ya homa ya ini aina ya B na virusi vya HPV.

Chanjo hutolewa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo siku kifaranga anapoanguliwa. Katika vituo vikubwa huchomwa ndani ya yai siku ya 18 ya uatamiaji. Kumchanja kuku wa wiki kadhaa aliyekwisha kuambukizwa hakuna faida, kwani virusi vimekwisha kujipachika. Kwa hiyo kazi hii ni ya kituo cha kutotolesha vifaranga kuliko ya mfugaji, na swali la kwanza la mnunuzi wa vifaranga wa siku moja ni iwapo wamechanjwa Marek, kwa chanjo ipi, na iwapo maandishi ya kuthibitisha hilo yapo.

Wafugaji wa Tanzania waliozoea chanjo ya kideri wanapaswa kufahamu tofauti iliyopo. Chanjo ya kideri ya aina ya I-2, inayozalishwa nchini na TVLA, huwekwa tone kwenye jicho, huvumilia joto kwa kiasi na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo nyingi za Marek zina seli hai zilizobeba virusi, na seli hizo zikifa chanjo imekufa. Huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri za Selsiasi, huyeyushwa kwa uangalifu katika maji ya vuguvugu, huchanganywa na kimiminika chake maalumu na kutumika ndani ya saa moja au mbili. Ipo chanjo ya HVT iliyokaushwa kuwa unga, inayotunzwa kwenye jokofu la kawaida, ambayo huwafaa waangulishaji wadogo. Udhaifu wake ni kwamba kingamwili za mama huipunguza nguvu kwa urahisi zaidi.

Kinga hujengeka baada ya wiki moja hivi. Katika siku hizo kifaranga aliyechanjwa akiwekwa juu ya maranda ya kundi lililopita, virusi vya shambani humfikia kabla kinga haijasimama. Malalamiko mengi ya chanjo kuwa bandia yana asili hapa, ingawa utunzaji mbaya wa dozi, kupunguza dozi ili itoshe vifaranga wengi, na magonjwa yanayoshusha kinga kama Gumboro nayo huchangia.

Banda linapaswa kuondolewa maranda yote na vumbi, kuoshwa, kupuliziwa dawa na kupumzishwa kabla ya vifaranga wapya. Dawa za kawaida zenye klorini au iodini huviua virusi hivi, mradi vumbi liwe limeondolewa kwanza. Dawa iliyomwagwa juu ya tabaka la vumbi haifiki chini. Vifaranga wasichanganywe na kuku wakubwa, na anayewahudumia aanze na wadogo ndipo aende kwa wakubwa. Kwa mfugaji mdogo ambaye kuku wa rika zote hulala chumba kimoja, ushauri huu si mwepesi, lakini hata kuwatenga vifaranga kwa wiki mbili au tatu za mwanzo hupunguza madhara.

Virusi vilivyozidi kuwa vikali

Chanjo ya Marek huzuia uvimbe, haizuii maambukizi. Kuku aliyechanjwa huweza kuambukizwa virusi vya shambani na kuvimwaga, ingawa kwa kiwango kidogo. Kwa miaka mingi wataalamu waliona kuwa kila kizazi cha chanjo kilifuatiwa na aina kali zaidi ya virusi. Chanjo ya HVT pekee ilianza kushindwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaongezewa mwenzake miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 ilibidi Rispens itumike kwa wingi nchini Marekani.

Mwaka 2015 Andrew Read wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na wenzake walichapisha majaribio yaliyoleta mjadala mkubwa. Kuku wasiochanjwa walioambukizwa aina kali kabisa walikufa ndani ya siku 10 hivi, kabla ya kumwaga virusi vya kutosha kuwaambukiza wengine. Waliochanjwa waliishi, wakaendelea kumwaga virusi kwa wiki nyingi, na kuku wasiochanjwa waliowekwa pamoja nao walikufa. Kwa maneno mengine, aina ambayo ingejimaliza kwa kumuua mwenyeji wake haraka mno ilipata njia ya kuendelea.

Matokeo hayo yamewahi kutumiwa na baadhi ya watu kupinga chanjo za binadamu, jambo ambalo hayaliungi mkono. Chanjo nyingi za watoto, kama ya surua, huzuia pia uenezaji wa ugonjwa kwa kiwango kikubwa, tofauti na hii ya kuku. Na kwa kuku wenyewe funzo ni kinyume cha kuacha: kuku asiyechanjwa aliye jirani na waliochanjwa ndiye aliye hatarini zaidi.

Utafiti uliochapishwa Desemba 2023 uliongeza picha ya kihistoria. Wanasayansi walisoma vinasaba vya virusi vya Marek kutoka mifupa ya kuku iliyofukuliwa katika maeneo ya kale ya Ulaya na Mashariki ya Kati, mingine ikiwa na umri wa takriban miaka 1,000. Walibaini kuwa virusi vya zamani vilikuwepo lakini jeni ya meq ya wakati huo haikuwa na uwezo wa kuchochea uvimbe kama ya sasa. Mabadiliko makubwa yametokea katika karne iliyopita, sambamba na kufugwa kwa kuku kwa maelfu katika banda moja.

Usalama wa mlaji

Virusi vya Marek havijaonekana kusababisha ugonjwa kwa binadamu. Watu wamekula nyama na mayai ya kuku wenye maambukizi, na wafanyakazi wa mabanda wamevuta vumbi lake kwa miongo mingi, na uchunguzi uliofanywa haujapata ushahidi wa uhusiano na saratani za watu. Chanjo yenyewe pia haina madhara kwa mlaji.

Hata hivyo, kuku aliyekonda au mwenye uvimbe katika ini, bandama au ngozi hafai kuuzwa, na mkaguzi wa nyama humkataa. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina, isitupwe jalalani wala kupewa mbwa, kwa kuwa manyoya yake bado yana virusi. Mfugaji anayeona vifo visivyo vya kawaida atoe taarifa kwa afisa mifugo wa kata au kijiji chake mapema, kabla hajauza kuku waliosalia au kuingiza vifaranga wengine katika banda hilo.